Kitobo cha Nne

Ukimtaja shangazi yangu Mahfoudha mbele ya watu wa Darsait, wataanza na mikono yake. Watakwambia hapakuwa na mwanamke Maskati nzima aliyeshona kofia kama yeye. Ni kweli. Lakini mimi, Kawthar, nimelelewa nyumbani kwake tangu nina miaka minane, nikitoka skuli nakwenda kula kwake, na mimi nitaanza na ulimi wake. Mikono ile haikumdhuru mtu.

Ulimi wake ulikuwa mkali na wa kuchekesha. Jirani akija na kofia ya mashine kutoka soko la Matrah, zile zilizoletwa kwa makontena kuanzia miaka ya tisini, atamwambia mumewe ana kichwa cha watu elfu, maana elfu wamevaa hiyo hiyo. Mwanamke akimwomba amshonee kwa wiki mbili, atamuuliza kama mimba yake pia aliibeba kwa wiki mbili. Watu walicheka, wakarudi tena. Sisi wa nyumbani tulicheka pia, mpaka siku tuliyoacha.

Kofia zetu mnazijua. Ni nyeupe, kila moja ina vipande viwili, kimoja cha mviringo cha juu na kimoja cha pembeni kinachozunguka kichwa. Shangazi alichora kwa penseli, akatoboa kitambaa kwa shazia, ile sindano nene, kisha akazungushia uzi kila kitobo mpaka mdomo wake ukawa mgumu. Kofia moja ina vitobo zaidi ya elfu, nayo ilimchukua miezi minne au mitano. Alinifundisha, na sikuwahi kuwa hodari, lakini neno lake la kwanza sijalisahau: kabla hujatoboa, fikiri, maana uzi unaweza kuufumua, kitobo hakizibiki.

Za kuuza alishona kila aina ya nakshi. Ila ilikuwapo moja aliyoirithi kwa mama yake, Malindi ya Unguja, akaja nayo Maskati mwaka 1974 alipohamia na mumewe Thabit. Ilikuwa nakshi ya punje za komamanga, safu juu ya safu, zimebanana. Hiyo hakuiuza. Waliivaa wanaume wa nyumba yetu tu. Arusini au msibani, mtu akiona makomamanga yanapita alijua yule ni wa kwa Mahfoudha. Huku mjini watu husomana kwa kofia na namna ya kufunga kilemba kabla salamu haijatolewa, na wanaosema siku hizi mambo hayo yamekwisha wanasema uongo.

Kwa kuwa kofia zote za nyumba zilifanana na zilifuliwa pamoja, alizitia alama zisichanganyike. Upande wa ndani, nyuma, pale panapogusa kisogo, alitoboa vitobo vidogo na kuvizungushia uzi wa buluu. Kimoja kilikuwa cha Thabit, viwili vya baba yangu Humaid, ambaye ni mdogo wake shangazi, na vitatu vya Aflah, mwanawe wa pekee. Thabit alipofariki mwaka 1991, ile ya kitobo kimoja aliifungia sandukuni. Zikabaki mbili za kufuliwa.

Aflah alizaliwa hapa hapa Maskati. Hajawahi kuiona Unguja hata siku moja. Hilo halikumsaidia. Skuli walimwita Zinjibari, na mwalimu mmoja alikuwa akimsimamisha asome Kiarabu ili darasa lisikie Kiswahili kinavyochungulia ndani yake. Aliyameza yote. Alipoajiriwa katika ofisi ya serikali mwaka 1998 alianza kufunga kilemba, na hapo hakuwa na kosa, maana ofisini ndiyo sheria na kila mtu hufunga. Lakini yeye alikifunga badala ya kofia hata nyumbani. Alikifunga Ijumaa, alikifunga kwenda kununua mkate. Siku moja dukani nilimwita kwa Kiswahili, akaniambia kwa Kiarabu, pole pole, bila kunitazama, nimsubiri nje.

Shangazi aliyaona haya, akanyamaza kwa muda ambao kwake yeye ulikuwa mrefu. Msimu wa baridi wa mwaka 2001 alishona kofia mpya ya makomamanga, nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na asubuhi ya Idi akamwekea Aflah mbele yake pamoja na kahawa. Baba yangu alikuwapo, na mimi nilikuwapo. Aflah aliigeuza, akaviona vitobo vyake vitatu vya buluu, akairudisha mezani.

"Mama, nikivaa hii, hata sijafungua mdomo wananijua natoka wapi," alisema.

"Na wakujue. Kwani umeiba?"

"Mpe mwengine."

Nilimwona shangazi akivuta pumzi. Baba alinyoosha mkono amzuie, akachelewa. "Mwengine nitampa," alisema shangazi. "Na mkono wangu hautokutilia uzi tena, na radhi zangu utazitafuta."

Kwetu mama hasemi maneno hayo ovyo. Mtu anaweza kukosa mali, kazi na afya, akaishi. Akikosa radhi za mama hana pa kwenda, duniani wala akhera. Aflah alisimama, akambusu mama yake kichwani kama kawaida, akatoka. Nilimkasirikia yeye na nikamkasirikia shangazi, na mpaka leo sijui nani nilimkasirikia zaidi.

Huyo mwengine alipatikana upesi. Alikuwa Azzam, fundi wa viyoyozi katika gereji moja ya Wadi Kabir. Babu yake Muomani, lakini yeye alizaliwa Tabora, mama yake alimzika huko, na alikuja Maskati peke yake. Sisi tunaochekwa na watu wa ndani ya Oman kwa kutoka Unguja huwacheka hawa waliotoka bara, na sijui tunapata wapi uso. Shangazi hakumcheka. Azzam alikuja kutengeneza kiyoyozi, akazuiwa ale chakula cha mchana, na tangu hapo kila Ijumaa alikula kwetu. Kofia yake ilikuwa ya mashine. Shangazi akachukua ile ya Idi, akatoboa kitobo cha nne nyuma, akakizungushia uzi wa buluu, akampa.

Azzam alilia. Alisema tangu mama yake afe hakuna aliyemshonea hata kifungo. Shangazi akamwambia asilowanishe kofia, itapoteza umbo.

Ijumaa iliyofuata Aflah alikuja akaikuta kofia yake kichwani mwa mtu mwingine, na mtu huyo ana urefu wake na mabega yake, hata kwa nyuma ungewachanganya. Mwezi ule ule alipanga nyumba Wadi Kabir, akahama. Akawa anakuja Ijumaa, anambusu mama yake kichwani, anakaa dakika kumi. Shangazi aliitika salamu na hakuongeza neno. Hivi walikaa miaka mitano. Ajabu ni kwamba Aflah na Azzam wakawa marafiki, kwa sababu gereji ilikuwa njia moja na nyumba ya Aflah, na kwa sababu Azzam hakuwa mtu wa kuchukiwa.

Mwaka 2006 Aflah alikwenda kuposa kwa watu wa ndani, upande wa Nizwa. Msichana alikuwa radhi. Baba yangu ndiye aliyekwenda naye na ndiye aliyetusimulia. Mzee wao aliwakaribisha kwa kahawa na tende, akakisifu kilemba cha Aflah jinsi kilivyokaa, kisha akauliza bibi yake mzaa mama amezikwa wapi. Aflah akasema Unguja. Mazungumzo yakahamia kwenye mvua na mitende, na posa haikutajwa tena. Njiani kurudi, alisema baba, Aflah alikifungua kilemba, akakiweka juu ya magoti, wakafika Maskati hivyo hivyo.

Shangazi alipoambiwa alisema, "Si nilimwambia." Kisha akaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo havikuwa na kazi siku ile. Nilimfuata, nikamwambia ampigie simu. Akanijibu kuwa mtoto ndiye anayemwendea mama, si mama anayemwendea mtoto. Naye Aflah alikuwa anakuja kila Ijumaa, anakaa sebuleni, mlango wa pili kutoka jikoni, dakika kumi na kilemba chake. Wawili hao walitaka kitu kimoja na hakuna aliyejua kukiomba.

Ikaja tufani ya Juni 2007, ile ya Gonu. Wenyeji hawahitaji kuelezwa. Jumatano mvua ilinyesha ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona, umeme ukakatika, simu zikafa, maji yakaingia uani kwetu Darsait mpaka kwenye ngazi ya jikoni. Maji ya mabondeni yakashuka na mawe na magari. Tulikaa juu ya vitanda, mimi, baba na shangazi, na shangazi akawa anasema jina moja tu.

Alkhamisi maji yalipopungua baba alikwenda kwa miguu Wadi Kabir. Nyumba ya Aflah ilikuwa imefungwa, gari halipo. Jirani yake alimwambia Aflah alitoka Jumatano asubuhi, mvua ishaanza kuwa kali, akisema anakwenda Darsait kumtoa mama yake. Gereji ya Azzam milango ilikuwa imevunjwa na maji, ndani tope tupu, na Azzam hakuna aliyemwona tangu Jumatatu. Baba aliyarudisha maneno yote mawili nyumbani. Shangazi aliyasikia, akashika tasbihi, hakula siku ile wala ya pili.

Jumamosi baba aliitwa chumba cha maiti. Palikuwa na mwanamume aliyetolewa chini ya tope, kando ya ukuta, hana karatasi yoyote. Alirudi adhuhuri na mfuko mdogo wa nailoni mkononi. Alisema uso hautambuliki, ni siku tatu na joto la Juni, lakini urefu ni ule na mabega ni yale. Ndani ya fanila, juu ya kifua, maiti alikuwa na mfuko ule umefungwa fundo. Akaufungua mbele yetu. Yalikuwa makomamanga.

Jirani yetu Bi Sayyida alianza kulia kwa sauti na wanawake wakamfuata. Shangazi akasema wanyamaze, wampe. Macho yake wakati ule yalikuwa yameshashikwa na mtoto wa jicho, aliona mwanga na vivuli, lakini vidole vilikuwa vile vile. Aliigeuza kofia, akapitisha kidole nyuma, pole pole. Akarudia. Kisha nikauona uso wake ukifunguka, na wallahi sijapata kuuona hivyo tena.

"Nyamazeni, huyu si mwanangu," alisema. "Vinne. Hii ya Azzam."

Akashuka kitandani, akasujudu pale pale sakafuni penye tope kumshukuru Mungu. Sitajifanya mwema: na mimi nilifurahi. Nilisema masikini Azzam kwa mdomo, na moyo wangu ulikuwa unaruka. Sote tulikubaliana kwamba ni Azzam, na jinsi alivyoienzi kofia ile ndivyo angeifunga katika nailoni na kuitia kifuani. Baba peke yake alibaki amesimama.

"Dada," alisema, "twende ukamguse mwenyewe. Mguse miguu tu."

"Nimguse nini? Mkono wangu nnaujua, Humaid. Mimi nimezaa mmoja na kushona mmoja, na huyu ni wa kushona."

Baba hakubishana naye. Amenieleza mara nyingi kwa nini, na kila mara sababu ni nyingine. Nadhani na yeye alitaka iwe hivyo.

Tulimzika baada ya alasiri kwa jina la Azzam. Watu wa bara waliopatikana walikuja kumchukua, kwa kuwa walidhani ni mtu wao. Shangazi alitoa sanda, kafuri na udi kutoka katika sanduku lake mwenyewe, vile alivyokuwa amejiwekea. Kwetu mwanamke haendi makaburini, lakini mama humuaga mwanawe kabla hajatolewa, humwekea mkono kifuani na kumwambia nimekuwia radhi. Maiti ile haikupita nyumbani kwetu. Ilitolewa kule kule, na haikuambiwa neno hilo na mtu.

Shangazi alibaki jikoni. Alisema Aflah atakuwa amekwama upande wa pili wa bonde fulani, simu hazifanyi kazi, atakuja na njaa. Akapika biriani kwa jiko la gesi na maji ya chupa. Akaniambia kwamba safari hii hatangoja aombwe, akiingia tu mlangoni atamwambia yamekwisha. Alikuwa anaimba. Jioni aliifua kofia ya Azzam tope likatoka, akaitia wanga, akaivisha juu ya bakuli lililofudikizwa kwenye dirisha ikauke na umbo lake, ili tuipeleke Tabora kwa jamaa zake wawe na kitu cha kumkumbukia.

Biriani ile tuliila wenyewe Jumapili. Jumatatu alipika nyingine.

Alikuwa anachambua mchele, na mimi niko naye, tuliposikia hodi. Akaingia Azzam. Alikuwa kichwa wazi, miguu imejaa tope mpaka magotini, midomo imepasuka. Alieleza mwenyewe, anahema, kwamba alipelekwa Quriyat tangu Jumatatu ya wiki iliyopita kufunga viyoyozi, barabara ikakatika, kijiji kikawa maji matupu, na sasa ndiyo amepata gari la kumleta. Kisha akaiona kofia juu ya bakuli dirishani. Uso wake ukachangamka.

"Alhamdulillah," alisema. "Kwa hiyo Aflah alifika."

Shangazi aliuliza alifika wapi.

"Hapa, Mama. Jumatatu kabla sijaondoka alikuja gereji, akaniomba hiyo kofia. Alisema, siwezi kwenda kwa mama na kilemba, na kichwa wazi atanifukuza. Nipe nikamwombe radhi. Nikamwambia chukua, ni yako toka zamani."

Azzam alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akaanza kuuliza kuna nini, na baba alipotokea mlangoni na kumwona akakaa chini pale pale kizingitini. Shangazi aliendelea kuchambua mchele. Aliendelea muda mrefu, akitoa punje mbovu kwa vidole, akiziweka pembeni, mpaka sinia likaisha. Ndipo akamwomba baba ampeleke.

Baba alimpeleka. Mila inasema nini na haisemi nini, siku hiyo hakuna aliyeuliza. Mimi nilimshika mkono. Makaburi yetu hayaandikwi majina, ni mawe tu, na mapya yalikuwa mengi wiki ile, ikabidi baba ayahesabu kutoka ukutani. Alipoonyeshwa, shangazi aliweka viganja viwili juu ya udongo, akasema, "Aflah, nimekuwia radhi." Alisema mara tatu. Alingoja kidogo baada ya kila mara. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Niwie radhi na wewe," akangoja tena, na jua likatuchoma mpaka baba akamwinua.

Majirani walisema hasira hasara. Walisema pia ni kadari, na kwamba aliyekufa kwa maji ni shahidi, na hili la mwisho najua wameambiwa na dini na naliamini. Lakini wengine walinong'ona kwamba mama gani humjua mwanawe kwa uzi akakataa kumjua kwa mwili. Nilitaka kuwafukuza. Shangazi aliniambia niwaache, wamesema kweli.

Hakushona tena. Azzam aliendelea kuja kila Ijumaa, akambusu kichwani, akakaa naye siku nzima. Kofia alikataa kuichukua, na baba alikataa kuivaa. Shangazi aliishi miaka miwili, macho yakazimika kabisa, akafariki Ramadhani ya mwaka 2009. Radhi zake alitupa sote mapema, moja moja, akituita kwa majina, hata Bi Sayyida, kwa hofu ya kuchelewa.

Kofia iko kwangu. Siku chache kabla hajafariki aliniomba sindano. Nilimpa, nikadhani anataka kunifundisha kitu. Aliigeuza ile kofia, akavitafuta vile vitobo kwa kidole, akahesabu, na alipofika cha nne akaanza kuufumua uzi wa buluu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka wote ukatoka. Kisha akanipa nimtazamie, maana yeye haoni, akaniuliza vimebaki vingapi.

Nilitaka kumwambia vitatu. Nilimwambia uzi umetoka, lakini kitobo bado kipo.